Inaanza, Inaanza, Lakini Haifiki

Mwaka jana niliamini, kwa miezi kadhaa, kwamba kuna mama mmoja huko kwetu Soin ambaye ni slow. Na sikuishia kuamini. Niliandika. Ulikuwa ujumbe wa WhatsApp, mistari miwili mitatu, niliutuma nikiwa ndani ya matatu pale Ngara, na mwenyekiti wa chama akausoma mbele ya kamati nzima. Mwezi uliofuata mama huyo hakuwa ofisini tena. Alikuwa getini saa 11 alfajiri, amevaa gamibuti, anapima maziwa ya watu.

Nataka kueleza vile nilivyokosea, na kwa hilo itabidi nikupeleke ndani ya kompyuta. Kama mambo ya kompyuta hukuchosha, vumilia kidogo. Kosa langu limejificha humo.

Soin kwanza. Watu wakisikia Kericho wanaona chai, kijani kibichi mpaka macho yachoke. Lakini ukitoka mjini Kericho ukielekea upande wa Kisumu, chai inabaki nyuma, barabara inashuka, joto linapanda, na baadaye unaona mahindi, miwa na ng'ombe. Soin iko huko chini. Chai kwetu ni kitu unachopanda mlima kwenda kukichuma kwa ajili ya mtu mwingine. Mama yangu alifanya hivyo miaka 9, akilipwa kwa kilo. Aliyebaki nyumbani alibaki na ng'ombe, na maziwa ya ng'ombe hao yanaenda kwenye chama cha ushirika chenye wakulima kama 200. Mwisho wa mwezi chama kinajumlisha kilo za kila mtu, kinatoa makato ya dawa na lishe, kisha kinatuma pesa kwa M-Pesa.

Hesabu hiyo ilikuwa inafanywa kwa daftari na kikokotoo, siku tatu nzima, na aliyeifanya ni huyo mama. Mimi, kijana wa nyumbani aliyesomea kompyuta Nairobi, nikajitolea kuwaokoa. Niliandika skripti kwenye laptopu yangu ya Linux. Wakulima 200, siku 30, ni mistari 6,000. Ilimaliza kabla ya dakika moja kuisha. Nilijiona, si uongo.

Ofisini kulikuwa na kompyuta ya mezani, ya zamani, inayotumia Windows. Sikuona shida. Nikaweka Cygwin, programu inayoipa Windows mazingira yanayofanana na ya Unix, ili amri zangu zikubalike. Nikamwonyesha mama pa kubofya. Tukajaribu na mistari 10 ya mfano, majibu yakatoka kabla sijamaliza sentensi niliyokuwa nasema. Nikanywa chai, nikaaga, nikapanda gari.

Mwisho wa mwezi akanipigia. "Kijana, hii kitu yako inaanza, inaanza, lakini haifiki."

Nikamuuliza kama amebofya vizuri. Akasema ndiyo. Nikamuuliza kama amefunga dirisha katikati. Akasema hapana. Nikamwambia asubiri. Mwezi wa pili akapiga tena, maneno ni yale yale. Mwezi wa nne au wa tano aliniambia jambo fulani kuhusu "ile kitu ya virusi", na mimi, nikiwa na kazi zangu za mjini, nikamwambia mama, hiyo haihusiani. Sauti yangu ilikuwa ya upole. Ule upole wa kumwambia mtu kwamba hana akili bila kumtukana.

Pesa zikaanza kuchelewa. Wakulima wakapanga foleni dirishani kwake, na unajua vile mtu aliyeahidi mwalimu karo anavyoangalia mtu aliyekaa mbele ya skrini. Mwenyekiti akanitafuta. Ndipo nikaandika ule ujumbe: skripti iko sawa, kwangu inachukua dakika moja, shida ni anayeitumia, labda mtafute mtu mwepesi.

Sasa twende ndani ya mashine.

Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie, na Linux ninayotumia mimi imefuata mtindo wake. Katika ulimwengu huo, programu inayokimbia haitoki hewani. Ina mzazi. Mzazi akitaka kazi mpya ifanywe, anatoa nakala yake mwenyewe, kamili, na nakala hiyo ndiyo inayovua nguo za mzazi na kuvaa kazi yake. Amri ya kufanya hivyo inaitwa fork, kama njia panda: waliingia mmoja, wakatoka wawili. Lugha yote ya huko ni ya ukoo. Kuna mzazi, kuna mtoto, kuna hata yatima, na mzazi akifa mapema mtoto huyo huchukuliwa na mchakato mwingine, kwa kawaida ule namba 1, wa kwanza kuamka mashine inapowashwa.

Unaweza kufikiri kunakili mzazi mzima ni kazi kubwa. Linux ina ujanja hapo. Hainakili kitu mpaka kiguswe. Mtoto anakula kwenye sahani ya mzazi, na siku atakapotaka kubadilisha chakula ndipo anapewa sahani yake. Ndiyo maana kuzaliwa huko ni rahisi, na ndiyo maana watu wa Unix wana tabia ya kuzaa hovyo: programu ndogo ndogo, kila moja inafanya kitu kimoja, inakufa, inazaliwa nyingine.

Windows haina mila hiyo. Huko programu haizaliwi na nyingine, inajengwa upya kutoka msingi, kama mfanyakazi anayeajiriwa. Anaingia na karatasi zake, anapewa kiti, anaanza. Sasa fikiria Cygwin, iliyoanzishwa mwaka 1995, ambayo kazi yake ni kuiga kuzaliwa katika nyumba ambayo haijui kuzaa. Inaiomba Windows mchakato mpya. Inausimamisha kabla haujavuta pumzi. Inachukua kumbukumbu za mzazi na kuzihamisha moja moja kwa mtoto. Inahakikisha kila maktaba ya programu imekaa mahali pale pale ilipokuwa kwa mzazi, maana ikisogea mtoto haamki. Halafu antivirasi, ambayo ni kama soja wa geti, inamsimamisha kila mgeni na kumwomba kitambulisho, hata kama ni mgeni yule yule aliyepita sekunde moja iliyopita.

Skripti yangu, kwa kila mstari, ilizaa programu nne. Mistari 6,000 mara nne ni kuzaliwa 24,000. Kwangu kila kuzaliwa kulikuwa kama sehemu moja ya elfu ya sekunde, au mbili. Kwenye ile kompyuta ya Soin kulikuwa sehemu moja ya kumi. Piga hesabu: sekunde 2,400. Dakika 40. Na katika dakika hizo 40, kazi yenyewe, kujumlisha kilo, haikuchukua hata dakika moja. Zilizobaki zote zilienda kwa kuzaliwa. Kila mtoto alizaliwa kwa shida yote hiyo, akakata neno moja kwenye mstari mmoja, akafa.

Inaanza, inaanza, lakini haifiki. Maelezo sahihi zaidi ya tatizo hilo sijayasikia kwa mtu yeyote, na nimefanya kazi na watu wenye vyeti.

Usiseme basi Windows ndiyo mbaya. Mimi ni mtu wa Linux na ningefurahi kusema hivyo, lakini mwaka 2019 watafiti kutoka Microsoft na vyuo vikuu viwili waliandika kwamba fork yenyewe imepitwa na wakati, kwamba kuzaa kwa kunakili ni mtindo uliofaa mashine ndogo za zamani. Unaweza kubishana nao. Ninachosema ni kwamba kila nyumba ina utaratibu wake wa kupokea wanaoanza, na gharama hutokea pale unapomlazimisha mtu aanze kwa utaratibu wa nyumba nyingine.

Hilo, jamani, nilikuwa nalijua. Nililijua kwa mwili kabla sijalijua kwa kichwa.

Nilipofika chuo, mwaka wa kwanza, nilikuwa mtu wa kuchelewa kujibu. Swali likiulizwa, mimi nilikuwa na jibu. Lakini jibu lilizaliwa kwa Kikipsigis, likahamishwa kwenda Kiswahili cha shule, kisha likahamishwa tena kwenda Kiingereza, na kila kituo nilikuwa nakagua kama maneno yamekaa mahali pake, kwa sababu yakisogea kidogo darasa linacheka. Nikishamaliza kuhamisha, mtu wa Nairobi ameshajibu, tena vibaya, na mwalimu ameshaendelea. Kuna mhadhiri aliyenizoea kiasi cha kusema, "Tuwape nafasi na wale wanaofikiri polepole." Alikuwa na nia njema. Nilifikiri haraka sana wakati ule. Nilikuwa nafanya kazi mara tatu ya mtu aliyekaa kando yangu, ila kazi hiyo haikuonekana, kilichoonekana ni mdomo uliofungwa.

Kogo yangu, nyanya yangu, alinihadithia vile nilivyopewa jina. Kwetu mtoto akizaliwa, wazee wa kike huita majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, mpaka mtoto apige chafya. Jina lililotajwa alipopiga chafya ndilo lake, la kurenet, la huyo babu au nyanya aliyekubali kurudi. Mimi, anasema, niliwasumbua. Waliita upande wa baba, wakamaliza. Wakaita upande wa mama. Chai ikapikwa mara ya pili. Ugoro ukaletwa karibu na pua. Nikamuuliza kogo kama walinikasirikia. Alishangaa swali lenyewe. Wakukasirikie kwa nini? Walikuwa hawajafika kwa mtu wako.

Sikufikiria hadithi hiyo nilipokuwa Ngara na simu mkononi. Nilifikiria laptopu yangu.

Na kwetu neno slow si la mchezo. Juu kule kwenye chai mchumaji hupimwa kwa kilo, na mikono yake inalinganishwa na mashine ya kuchuma inayofanya kazi ya watu wengi. Mnamo Mei 2023 watu wa Kericho walichoma mashine hizo mashambani. Sitajifanya kwamba nilikuwa na msimamo safi. Mimi hula kwa kuandika vitu vinavyofanya kazi ya watu wengi. Lakini mtu aliyelelewa na mchumaji anapaswa kujua kwamba ukimwita mtu slow mbele ya bosi wake, umeshamfungulia mlango wa kutokea.

Najua utakachosema. Kwa hivyo hakuna mvivu duniani? Kila mtu anayechelewa ni kosa la sakafu aliyosimama? Hapana. Wavivu wapo, wengine tulisoma nao, na kuna Jumatatu ambazo mimi mwenyewe ni mmoja wao. Tena kuchelewa kuna madhara, wala si jambo la kupambwa kwa maneno ya "maisha ya polepole" yanayouzwa kwa watu wenye pesa. Mtu aliyesubiri malipo ya maziwa siku nne za ziada hakupata hekima yoyote. Alikopa.

Swali langu ni jingine. Nilijuaje kwamba ni yeye? Kama programu yangu ingekuwa na shida Nairobi, ningefanya jambo la kwanza ambalo kila mtu wa kazi hii hufanya: ningeijaribu kwenye mashine nyingine. Kisha ningebadilisha kitu kimoja tu na kuacha vingine vilivyo. Hata programu ya bure ya mtu nisiyemjua hupata heshima hiyo kutoka kwangu. Siwezi kuandika kwamba ina kosa kabla sijajaribu, wenzangu wangenicheka. Mama wa watu, aliyefanya hesabu za chama kwa mkono miaka bila kumkosesha mtu shilingi, sikumpa. Ushahidi wangu wote ulikuwa kwamba kwangu inafanya kazi.

Chama chenyewe kilifanya jaribio hilo bila kujua. Kilimweka kijana mwenye diploma kwenye kiti kile kile, mbele ya kompyuta ile ile. Dakika 40. Na hakuna aliyemwita slow. Watu walianza kusema mashine imezeeka. Fikiria hapo. Mzigo ni ule ule, mwenye gamibuti ukaitwa tabia yake, mwenye diploma ukaitwa chuma.

Nilienda nyumbani Desemba. Mwenyekiti akaniomba nipite ofisini niangalie "hiyo mashine mzee". Nilikaa, nikabofya, nikatazama. Baada ya dakika 5 nilikuwa nimeelewa, na masikio yalikuwa yanachoma. Nilifuta ule mzunguko wenye programu nne, nikaandika upya kwa awk, ambayo inazaliwa mara moja tu na kusoma mistari yote 6,000 yenyewe. Kazi ya dakika 20. Nikabofya tena. Kufumba na kufumbua, imemaliza. Mwenyekiti akapiga makofi. Yule kijana wa diploma akapiga makofi. Waliniita genius, na soda ikaletwa.

Kwenye droo, nikitafuta kalamu, nilikuta daftari dogo. Mwandiko wa mama. Alikuwa amepiga mistari kwa rula: mwezi, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, dakika. Februari 41. Machi 40. Aprili 43. Mei 26. Na pembeni ya Mei, kwa kalamu nyekundu: "ile kitu ya virusi imeisha muda." Juni, ilipolipiwa tena, 42.

Alibadilisha kitu kimoja, au kilijibadilisha chenyewe, naye akaona, akaandika, akanipigia simu. Ndiyo ile simu niliyoijibu kwa upole.

Niliwaeleza wanakamati siku hiyo hiyo, soda ikiwa bado mezani. Walisikiliza. Mmoja akasema ni bahati mbaya. Mwenyekiti akasema kijana ameshaandikwa kazi, hawezi kuondolewa bila sababu, na tena, akacheka kidogo, sasa kitu chenyewe kinaisha mara moja, hata huyo mmoja hana kazi ya kutosha. Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimetengeneza kosa langu kwa namna iliyofunga nafasi ya kumrudisha.

Kesho yake nilichukua mtungi wa nyumbani mwenyewe, saa 11 na nusu, baridi ya kabla ya jua. Foleni ilikuwa ya watu kama 15. Nilipofika kwake nikasema chamgei, akaitikia, akamwaga maziwa kwenye ndoo ya kupimia bila kuniangalia. Nikaanza. Nilikuwa nimepanga maneno njiani: kwamba daftari nimeliona, kwamba alikuwa sahihi tangu Mei, kwamba nilimkosea. Niliyasema yote, mbele ya watu, kwa Kikipsigis, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu ni mimi niliyekwama katikati ya sentensi nikitafuta neno.

Alingoja mpaka nimalize. Akaandika kilo 7 na nusu kwenye kadi yetu.

"Ile ya kwanza uliandika," akasema. "Na hii pia andika. Kwa grupu, wasome."

Kisha akanirudishia mtungi na kumwita aliyekuwa nyuma yangu. Nikasogea kando ya geti, nikaweka mtungi chini, nikatoa simu.